Babu Anasema Uvue Pete

Mwenzenu nikisema najua kumfunga ng'ombe kamba, ofisini wanacheka. Wanaangalia kucha, wanashuka mpaka kwenye viatu vya mchuchumio, halafu wananiuliza kama huyo ng'ombe alikuwa wa kwenye kalenda. Siwalaumu. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kukata maneno ya watu, na katika shahada yangu ya mawasiliano hakukuwa na somo hata moja la mifugo.

Lakini naomba niliseme hili kwa kirefu. Wengi wenu siku hizi mna ng'ombe wawili watatu Kibaha au Chanika, mmewaacha mikononi mwa kijana wa kazi, na siku kijana akiaga mnabaki kupiga simu huku na kule mkitafuta mwanaume wa kuingia bandani. Na kuna jambo lingine, ambalo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kamba ndiyo iliyonikutanisha na baba mkwe wangu, mtu ambaye kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuniita wala kunitazama usoni.

Msimwelewe vibaya mzee wa watu. Hakuwa na kinyongo na mimi. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mimi ni wa Korogwe, na kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Akija njia hii, wewe unapita ile. Hukai naye chumba kimoja, humtazami. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa Rungwe miaka ya 1930, aliliandika sana jambo hili. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, na ukienda Tukuyu mjini utamkuta mkamwana na mkwewe wako kwenye kochi moja wanaangalia taarifa ya habari. Kwa baba mkwe wangu mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Hakukimbia nikitokea, ila aligeuza uso, na salamu zake zilinifikia kupitia kwa mama mkwe. Wenyeji waliniambia ndiyo heshima yenyewe hiyo. Nikakubali, ingawa mwaka wa kwanza nililia.

Juni 2023 mama mkwe alifanyiwa upasuaji wa nyonga huko Mbeya, na mume wangu akabaki naye hospitali. Kijana aliyekuwa akitunza ng'ombe alishaondoka wiki mbili nyuma, kwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na nani amlaumu? Nyumbani, kwenye migomba nje kidogo ya Tukuyu, alibaki mzee wa miaka 76 ambaye bega lake la kulia halinyanyuki kupita kifua. Nikaomba likizo, nikamchukua mwanangu wa miaka minane aliyekuwa amefunga shule, tukapanda basi. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar mpaka Mbeya. Pale Uyole unakunja kushoto, unaanza kupanda na kushuka milima, na baridi inakung'ata masikio hata kama umevaa sweta mbili.

Mwenyewe nilijua nakwenda kupika, kufagia na kukamua. Kukamua nilikuwa nimeshafundishwa na mama mkwe, na ng'ombe mkubwa ni mpole, ukimsogelea na ndoo anajipanga mwenyewe. Mtihani ulikuwa mtamba wake. Anaitwa Sekela, jina la Kinyakyusa lenye maana ya kufurahi, lakini kwa kweli mimi sikuona furaha yoyote. Alikuwa na miezi 14, chotara wa Frizian, mweusi na mabaka meupe, kilo 200 hivi. Yule kijana wa Chunya ndiye pekee aliyemzoea. Akimwona mtu mwingine alitoa macho, akaenda kona ya mbali ya zizi, akageuza makalio.

Tulifika Jumatatu. Jumamosi bwana mifugo alikuwa anakuja na chanjo ya ndigana kali.

Kwa wasiofuga: ndigana kali ni ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikioni, na kwa ng'ombe wa kisasa hausubiri. Ng'ombe anapandisha homa, mitoki inavimba, mapafu yanajaa maji, na ndani ya wiki mbili tatu unaweza kuwa umebaki na ngozi. Chanjo ipo, ilitengenezwa Muguga, Kenya, na ng'ombe akichanjwa mara moja kwa kawaida inamtosha maisha. Tatizo lake ni moja. Inahifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali sana, ndani ya vijirija vyembamba kama vya kunywea soda, na kijirija kimoja kinatosha ng'ombe wengi, thelathini au arobaini. Kikishayeyushwa lazima kitumike saa zilezile. Ndiyo maana wafugaji wanajikusanya, wanachanga, wanapanga siku moja. Bwana mifugo anapopita nyumba kwa nyumba anataka akute ng'ombe amefungwa tayari. Asipofungwa, anakwenda kwa jirani, na wewe unasubiri mpaka watu wajikusanye tena, huku kupe hawasubiri mtu.

Mzee aliyajua yote haya. Usiku ule wa kwanza, mimi niko jikoni, yeye sebuleni, mtoto akaja mbio.

"Mama, Babu anauliza utaweza kumfunga Sekela?"

Nikamwambia mwambie Babu sijawahi, lakini akinielekeza nitajaribu. Mtoto akaenda, akarudi.

"Babu anasema sawa. Anasema kesho uvae gambuti."

Basi hivyo ndivyo mafunzo yalivyoanza. Mwalimu kwenye kigoda chini ya upenu, ametazama mlima Rungwe. Mwanafunzi uani. Katikati mjumbe wa darasa la pili anayekimbia huku na huku kama mpeleka barua, na ambaye, niwaambie ukweli, alikuwa anafurahia mno cheo chake.

Asubuhi nilitoka na khanga mbili, moja kiunoni, moja mabegani, kama mkamwana anavyotakiwa kuonekana ukweni. Nilikuwa nimefikiria sana suala la suruali usiku, nikaona hapana, heshima kwanza. Kumbe mwenyewe ana fikra nyingine. Mjumbe akaja amekumbatia ovaroli la bluu la yule kijana wa Chunya, limefuliwa. "Babu anasema khanga sio nguo ya zizini. Ncha ikinaswa na kamba, unakwenda nayo." Nikavaa ovaroli, nikafunga rasta zangu kwa kitambaa, nikasimama uani na aibu zangu. Mzee hakugeuka. Akasubiri kidogo, halafu nikamwona ananong'ona na mjukuu.

"Mama, Babu anasema uvue pete."

Hapo nikasita. Pete yangu ya ndoa sijawahi kuivua, hata labour sikuivua. Na kuivua nyumbani kwa baba yake mwenye mume, kwa amri ya baba yake mwenye mume, nyie hamuoni kama kuna kitu hakijakaa sawa? Lakini maelezo yalikuja nyuma yake. Kamba ikipita kwa kasi ikanasa kwenye pete, haiivui pete peke yake, inaondoka na ngozi ya kidole. Mzee alikuwa amewahi kuona. Nikaivua. Mtoto akaitunga kwenye uzi wa katani, akaivaa shingoni, na kwa siku tano pete yangu ilikaa kwenye kifua cha mjumbe.

Nikadhani sasa tunaingia zizini. Wapi! Siku nzima ya Jumanne sikumgusa ng'ombe. Nilifundishwa na mgomba.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, mita kama nane, unene wa kidole gumba. Mzee hataki ya nailoni, hasa kwa mtu anayejifunza. Nailoni inateleza mkononi na kuchoma kama pasi, inavutika, na ikikatika inarudi kama fimbo. Katani inakwaruza, lakini unaijua iko wapi. Ubaya wake ni maji: ikilowa inavimba, na fundo lililokazwa kwenye mvua ya Tukuyu utalifungua kwa msumari. Kwa hiyo kamba hailali nje.

Mjumbe akaja tena. "Babu anauliza, ni kweli katani inatoka kwenu Tanga?"

Jamani, miaka tisa, na hilo ndilo swali la kwanza mkwe wangu kuniuliza kuhusu kwetu! Mimi nimekulia pembeni ya shamba la mkonge, babu yangu mzaa mama alikuwa mkata mkonge. Nikamwambia mtoto mwambie Babu hivi: mkonge sio wa kwetu kwa asili. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Vilisafirishwa vichipukizi 1,000, vingi vikafa njiani, vikabaki hai 62 tu, na hivyo 62 ndivyo vilivyoanzisha mashamba yote yale. Mtoto akaondoka anarudia namba kwa sauti asizisahau. Nikamsikia mzee anacheka, "Sitini na mbili!" Halafu kitu kwa Kinyakyusa. Halafu, "Ndaga." Hiyo nilielewa bila mkalimani, ni asante.

Sasa somo lenyewe. La kwanza ni kwamba kamba haizungushwi mkononi. Kamwe. Mtu akishika mnyama mwenye nguvu, silika inamwambia ajizungushie kamba kwenye kiganja ili asiponyokwe, na hapo ndipo mikono inapovunjika na watu wanapokokotwa. Hujifungi kiunoni, hujitundiki shingoni. Kamba inayobaki unaikunja kwa mikunjo mirefu, unaishika katikati kama unavyoshika kitabu, vidole vikiweza kufunguka wakati wowote. Na ile inayoanguka chini usisimame ndani yake. Mzee alimtuma mtoto mara sita siku hiyo kuja kuniuliza tu, "Miguu iko wapi?" Nikitazama chini nakuta iko salama, nasema, "Iko nje, Babu," mtoto anakimbia na jibu.

La pili, mtu hamzuii ng'ombe. Mti ndio unamzuia. Nilifunga kamba mzunguko mmoja na nusu kwenye mgomba, nikampa mwanangu upande mmoja avute. Alivuta kwa nguvu zake zote, akaweka na mguu, na mimi nilimshika kwa vidole viwili huku naongea naye. Toa ule mzunguko, akanivuta hatua mbili. Mtoto wa kilo 25! Basi piga hesabu ya kilo 200. Lakini ukizungusha, vidole vikae mbali na shina, kiganja wazi, gumba likielekea juu. Kinachobanwa kati ya kamba na mti hakirudi kama kilivyokuwa.

Usiku nilikaa na simu kitandani nikisoma habari za wale wachunga ng'ombe wa Marekani, wenye kofia, wanaorusha kitanzi wakiwa juu ya farasi. Neno lao laso wamelitoa kwenye Kihispania, kama walivyoipata sanaa yenyewe kwa wachungaji wa Mexico. Kumbe na wao wanaanza na kichwa bandia, wanakirushia kitanzi mpaka mkono uzoee, ndio wapelekwe kwa ng'ombe hai. Mgomba wao huo. Na ajali yao kubwa ni ileile ya mzee wangu: wakishamnasa ng'ombe wanazungusha kamba kwenye kishikio cha tandiko, na gumba likibaki katikati linakatika. Madaktari wa mikono kule wameandika mengi kuhusu magumba ya watu hawa. Nikaangalia gumba langu la kulia, lile ninalobonyezea nafasi kwenye kompyuta. Nikalificha chini ya blanketi.

Jumatano nilifundishwa mafundo. Ni matatu, mengine nayaacha. Kitanzi cha kumkamatia ni cha kukaza, lakini mbele yake unapiga fundo dogo la kuzuia, ili kikifika unene wa shingo kisiendelee kubana. Kitanzi kisicho na kizuizi kinaua, ng'ombe anavuta, kinabana, anavuta zaidi. Kitanzi cha pili ni cha puani, ukishamtuliza unapitisha kamba juu ya pua yake na nyuma ya masikio, kwa sababu anayeshika kichwa ndiye anayeshika ng'ombe. La tatu ndilo ninalolipenda, fundo la kumfungia mtini. Ukivuta ncha moja lote linafunguka. Ng'ombe akianguka au kujinyonga huna muda wa kuhangaika na mafundo. Nalo hufungwa juu, usawa wa kichwa chake, kamba ibaki fupi kiasi cha mkono mmoja, asije akapitisha mguu.

Nilimtuma mjumbe aulize kuhusu ile ya kumlaza ng'ombe, nimeiona watu wakiifanya, kamba inazungushwa shingoni, nyuma ya miguu ya mbele, na tumboni mbele ya kiwele, kisha inavutwa nyuma mpaka ng'ombe anakaa mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi. "Babu anasema hiyo sio ya mwanafunzi. Na sindano ya sikioni hailazi mtu."

Alhamisi na Ijumaa ndiyo nikaingia zizini, na kazi niliyopewa ilikuwa kusimama. Kusimama tu, na pumba kwenye karai. Ng'ombe anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa nyuma yake kabisa, na ukimtokea huko atapiga kwanza ndio atazame. Teke lake huchora nusu duara, linaanzia mbele na kuja pembeni, kwa hiyo ubavuni nyuma napo si mahali pa kupumzikia. Mahali pako ni begani. Ukisogea mbele ya bega lake anarudi nyuma, ukisogea nyuma ya bega anakwenda mbele. Profesa wa Marekani, Temple Grandin, amesifika dunia nzima kwa kuwaeleza wafugaji mambo kama hayo, na mzee wangu anayajua bila kumsikia. Mlango wa zizi uwe nyuma yako, komeo halijashindiliwa. Huchuchumai. Hupigi kelele. Mjumbe haingii ndani, anakaa juu ya ukuta wa nje, na hilo halikuwa na mjadala.

Ijumaa jioni Sekela alikula pumba mkononi mwangu. Ulimi wake kama msasa. Nilitaka kupiga kelele ya furaha, nikakumbuka sipigi kelele.

Jumamosi bwana mifugo alifika saa nne na pikipiki, kiboksi cha barafu mgongoni. Kijirija kilishayeyushwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na sisi tulikuwa nyumba ya saba kati ya kumi na moja. Majirani wawili walikuja naye, wanaume, wakasimama nje ya zizi wakinitazama na ovaroli langu. Mmoja akasema kwa sauti ya kunisikiza kwamba angeweza kuingia yeye. Nikasikia mzee anamjibu kwa Kinyakyusa, maneno mawili tu, yule bwana akanyamaza. Mpaka leo sijaambiwa yalikuwa maneno gani.

Horini nilikuwa nimetandaza kitanzi juu ya mabingobingo yaliyokatwakatwa, na pumba katikati. Hori liko jirani na mparachichi mkubwa, shina lake nalikumbatia lisitoshe mikono. Sekela akaja, akainusa kamba, akanitazama, akaingiza kichwa. Nikainua taratibu, kitanzi kikapita masikio, kikatulia shingoni. Zikabaki hatua mbili mimi kufika mtini nizungushe.

Ndipo lori la majani ya chai likapita barabarani na kupiga honi.

Yaani sijawahi kuona kitu kikigeuka haraka namna ile. Kilo 200 ziliruka ubavuni, kamba ikanyooka, ikaanza kukimbia mikononi mwangu, na nyuma yangu sauti ya mwanaume, kubwa, ambayo sijawahi kuisikia hivyo, ikasema:

"Mkamwana! Achia!"

Vidole vikafunguka. Kamba ikapita kwenye viganja kama nyoka, nikarudi hatua mbili mpaka mgongo ukagusa mlango. Viganja vilikuwa vyekundu, lakini vilikuwa viwili, na vidole kumi.

Kimya. Jirani yule aliyetaka kuingia alikuwa ameshika kinywa. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama kwenye ukuta wa zizi, mkono mzima umeshika nguzo, ananitazama. Mimi. Usoni. Ana macho ya rangi ya kahawia iliyopauka, kama ya mume wangu akiwa amechoka. Sikujua. Miaka tisa sikujua mume wangu amechukua wapi yale macho.

"Umeumia?"

"Hapana, Baba."

"Usimfuate. Mwache. Kamba inakokota, atakapoikanyaga atasimama mwenyewe."

Ikawa kweli. Sekela alizunguka zizi mara tatu, akaikanyaga, akavutwa kichwa na mguu wake mwenyewe, akasimama anahema. Bwana mifugo akaangalia saa. Zilibaki nyumba nne. Mzee akasema, bila haraka, "Kijana, subiri. Ng'ombe hakimbizwi na saa yako." Kisha kwangu: "Sasa nenda begani. Polepole. Chukua ncha ya kamba, sio yeye. Usimvute. Peleka ncha mtini."

Nikaenda. Nikaiokota ncha kule mbali na miguu yake, nikaipeleka kwenye mparachichi, nikazungusha moja na nusu, gumba juu. Alipovuta, mti ukashika. Akisogea nachukua, akivuta naacha mti ufanye kazi. Hatua kwa hatua akaja mwenyewe mpaka shavu lake likagusa gome. Nikapitisha kamba puani, nikafunga lile fundo la kuvutwa mara moja. Mikono ilitetemeka baada ya kumaliza, sio kabla.

Bwana mifugo akampima kifua kwa utepe kujua uzito, akamdunga chini ya ngozi karibu na sikio, halafu sindano ya pili ya dawa ya kutuliza makali kwenye nyama. Mwisho akamtoboa sikio na kumtundika hereni ya plastiki yenye namba. Kazi yote haikufika dakika tano. Mwanangu akapiga kelele kutoka ukutani, "Mama, Sekela kapewa hereni na wewe pete umenyang'anywa!" Hata yule jirani akacheka.

Mnadhani tuliketi meza moja jioni ile? Hapana. Mzee alirudi kwenye kigoda chake, akautazama mlima, na chai yake niliipeleka kwa mkono wa mjumbe kama kawaida. Nilijisikia kunyong'onyea kidogo, nikiri. Lakini saa mbili usiku mjumbe akaja jikoni na kopo la mafuta ya kujipaka. "Babu anasema upake kwenye viganja. Na anasema," akakaza uso kujaribu kuyashika maneno yote, "anasema kijana wa Chunya aliburutwa mara mbili mwezi wa kwanza."

Mume wangu alipopiga simu ya video kutoka hospitali jambo la kwanza aliloona ni kidole kitupu. "Pete iko wapi?" Nikamwambia muulize baba yako. Akadhani natania.

Tuliondoka Jumatano iliyofuata, mama mkwe akiwa amesharudi nyumbani na fimbo zake mbili. Tangu hapo mzee hunipigia simu. Yeye mwenyewe, kwenye namba yangu, Jumapili baada ya ibada. Nafikiri simu imemrahisishia, maana ndani yake hakuna uso wa kukwepa. Hatusalimiani sana, tunakwenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Sekela amekula nini, amepandishwa lini. Agosti 2024 alizaa ndama jike, na siku hiyo alinipigia saa kumi na moja alfajiri, mume wangu akaruka kitandani akidhani ni msiba. Nikikutana naye uso kwa uso Tukuyu bado anageuka pembeni kidogo, na mimi nainamisha kichwa, tumezoea hivyo.

Desemba ile nilikuwa nakwenda Korogwe kwa wazazi. Akapiga. "Mkamwana, kamba imeanza kuchoka. Ukifika huko kwa wale sitini na mbili, niletee mita ishirini." Nikaenda dukani na mwanangu. Muuzaji akaniangalia kucha, akaniuliza nataka ya kuanikia nguo? Nikamwambia ya ng'ombe, unene wa kidole gumba, na asiikate mpaka niivute kwanza.